Darasa ya Kumchagulia Makazi Mzazi Aliyepotewa na Kumbukumbu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu dhaifu, akamtia nguvu katika ujana, kisha akamrejeza katika udhaifu na mvi. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mambo ambayo Waislamu wa pwani huyauliza mara nyingi siku hizi ni jambo la mzazi mzee aliyepotewa na akili kwa kusahau. Mtoto yuko Tanga au Mombasa au Maskati katika biashara yake. Mzazi yuko mbali, naye hajui tena siku wala saa, pengine hajui hata jina la mwanawe. Je, akae wapi mzazi huyo? Na nani amwangalie? Darasa hii yaeleza maradhi hayo ni nini, sheria yasemaje, na mtoto atazame nini kabla ya kuchagua. Nayo yachukua mfano mmoja wa Bujora, katika nchi ya Wasukuma kando ya ziwa la Viktoria, kwa sababu mfano huo wakusanya karibu kila hatari iliyomo katika jambo hili.

FASILI YA KWANZA: MARADHI YENYEWE

Kusahau kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusahau kwa uzee tu. Mzee asahau alipoweka miwani, kisha akumbuke. Asahau jina la mgeni, kisha limjie jioni. Hilo si ugonjwa. Namna ya pili ni ya mtu asahauye miwani ni ya nini. Huyo huuliza neno moja mara kumi katika saa moja, huweka chungu motoni akaenda zake, hupotea katika njia aliyoipita miaka 40, hudhani mwanawe ni nduguye aliyekufa zamani. Madaktari huyaita maradhi haya dimenshia, nayo yana aina nyingi. Aina iliyo kubwa yaitwa kwa jina la tabibu wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mara ya kwanza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hii huwapata hasa watu wenye shinikizo la damu na kisukari wasiotibiwa.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kwamba mwaka 2021 walikuwako wagonjwa milioni 57 duniani, na zaidi ya 60 katika kila 100 wakaa katika nchi zisizo tajiri. Katika Tanzania yenyewe, madaktari waliwachungua wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, wakaona ya kwamba katika kila watu 100 waliotimiza miaka 70 na zaidi, kiasi cha 6 walikuwa na ugonjwa huu. Wengi wa namna hiyo hawajapata kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni wagonjwa. Watu wao husema, ni uzee. Au husema, amerogwa. Au husema lililo baya kuliko yote, kama litakavyokuja.

Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Lakini hapo pana jambo ambalo mtoto hana budi kulijua kabla ya kufikiri habari za makazi. Yako maradhi mengine yafananayo na haya, nayo hupona. Mzee aliyebadilika ghafula, kwa siku mbili au wiki moja, huenda ana malaria, au ana ugonjwa wa njia ya mkojo, au sukari yake imeshuka, au amekunywa dawa zisizopatana. Mzee aliyeanguka akajigonga kichwa huenda ana damu iliyovuja ndani ya fuu. Mwingine ana huzuni kubwa ya kufiwa, nayo humfanya kama asiyejua kitu. Mwingine hasikii tu, na watu wadhani hafahamu. Kwa hivyo wajibu wa kwanza ni kumpeleka kwa tabibu. Kwa watu wa nchi za ziwani, hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, mjini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Amchaguliaye mzazi wake makazi kabla ya kumpeleka kwa tabibu ni kama ahukumuye kesi kabla ya kusikia shahidi.

FASILI YA PILI: HUKUMU YA SHERIA

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Bani Israili, aya ya 23 na 24, ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwatendea wema wazazi. Akataja hasa hali ya uzee, mmoja wao au wote wawili wanapoufikia wakiwa kwa mtoto wao, akakataza hata neno dogo la kuchoka nao. Wanavyuoni wamelizingatia jambo hili: kwamba hali iliyotajwa kwa jina ndiyo hali ambayo subira ya mtoto hupungua. Hakuna achokaye na mzazi mwenye nguvu na mali. Na katika Sura ya Nahli, aya ya 70, umetajwa umri ulio dhalili kuliko umri wote, ambao mtu asiyekosa ilimu huwa hajui tena kitu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiomba kinga na umri huo. Basi aliyefikwa nao hakufikwa kwa dhambi yake wala kwa aibu ya nyumba yake. Ni mtihani, na katika mtihani huo mwenye kusailiwa ni mtoto.

Ama ibada za mgonjwa. Imepokewa kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyeondokewa na akili mpaka imrudie. Basi mzee ambaye akili yake imeondoka kabisa hana sala ya faradhi juu yake, wala saumu, wala fidia ya saumu. Ama mzee mwenye akili lakini mwili wake hauwezi kufunga, huyo atoa kibaba cha chakula kwa kila siku moja. Na ambaye akili yake huja na kwenda, awapo na akili humlazimu kama inavyowalazimu wengine, naye husaidiwa kwa kukumbushwa kwa upole na mtu aliyekaa kando yake. Akisali adhuhuri mara tatu kwa kusahau, asikemewe. Pengine sala ndiyo kitu cha mwisho kitakachobaki katika moyo wake baada ya majina ya watu wote kutoka.

Ama matumizi ya mzazi. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mzazi aliye fakiri chakula chake, nguo zake, makazi yake na mtu wa kumtumikia akihitajia, vyote vi juu ya wanawe wenye uwezo, baada ya nafsi zao na wake zao na watoto wao wadogo. Si sadaka wala fadhila, bali ni haki. Wala haki hiyo haiondoki kwa kuwa mzazi hamjui tena anayempa. Mwenye deni halitui deni kwa sababu mwenye mali amesahau kuhesabu.

FASILI YA TATU: MFANO WA BUJORA

Bujora ni mahali karibu na Kisesa, katika wilaya ya Magu, mashariki ya mji wa Mwanza kwa njia iendayo Musoma. Wageni wengi wapajua kwa nyumba ya makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padre David Clement, na kwa ngoma za Bulabo za mwezi wa Juni, ambazo vyama vya Wagika na Wagalu hushindana. Watu wa pwani si wageni wa nchi hiyo. Wafanya biashara wa Kiswahili na wa Kiarabu walifika ziwani katika karne ya 19, na Kageye, isiyo mbali sana na hapo, ilikuwa bandari yao. Stanley aliwakuta huko mwaka 1875. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, njia ikawa nyepesi, na watu wengi wa mrima wakaenda, wakafungua maduka, wakaoa huko.

Ichukuliwe basi mfano wa mtu wa Tanga. Baba yake alikuwa mtu wa Pangani aliyefanya biashara ya pamba na nguo, akamwoa mwanamke wa Kisukuma aliyesilimu, wakakaa karibu na Bujora. Baba amekufa. Watoto ni watatu: mwanamume huyu mwenye duka Tanga, dada yake aliyeolewa Igoma katika mji wa Mwanza, na ndugu mdogo aliye Oman. Mama yao ana miaka 78. Kwa miaka miwili amekuwa akisahau, na sasa amka yake ni usiku wa manane. Hufungua mlango, akazunguka nyumba za jirani, akimwita mumewe aliyekufa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi, kwa kuwa katika nchi hiyo kuni ni haba na watu hupikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe.

Mtu wa pwani asikiaye maelezo hayo huona mgonjwa wa kuhurumiwa. Lakini aijuaye nchi ya Usukuma huingiwa na hofu nyingine. Huko, kwa miaka mingi, wanawake vikongwe wenye macho mekundu wamesingiziwa uchawi, na wengi wameuawa kwa mapanga usiku katika nyumba zao. Akifa mtoto wa jirani, au ng'ombe wakipukutika, mpiga ramli huulizwa, naye hutaja ajuza akaaye peke yake. Pengine nyuma ya ramli iko tamaa ya shamba lake. Ikiwa ajuza huyo yuwaonekana akizunguka usiku na kusema na wafu, ni nani atakayemtetea? Ugonjwa wake wageuzwa kuwa ushahidi juu yake. Hata katika wilaya ya Magu yenyewe wenyeji wamesimama kupinga jambo hili. Chama chao cha MAPERECE kimewafundisha watu kwamba macho mekundu ni moshi na si uchawi, na kuwaonyesha majiko yasiyo na moshi mwingi.

Wala mtu wa pwani asiwacheke Wasukuma kwa hayo. Pwani nako ziko nyumba ambazo mzee asemaye ovyo hudhaniwa ana pepo, akafungiwa chumbani, akafukizwa na kupigwa ngoma, na hakuna aliyempeleka hospitali. Ujinga ni ule ule, ila silaha ni mbalimbali. Na kumtuhumu mtu uchawi bila ya haki ni buhutani, na buhutani iletayo kumwaga damu ni katika madhambi makubwa.

Mwana wa Tanga alikuwa akipeleka fedha kila mwezi, naye alijiona ametimiza. Lakini wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha hununua mchele, haiwezi kufunga mlango usiku.

FASILI YA NNE: NJIA ZILIZOPO

Katika jambo hili njia ni nne, na kila moja ina faida yake na hatari yake.

Ya kwanza: mzazi abaki nyumbani kwake, awekewe mtu. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa wa maradhi haya husahau mambo ya jana kabla ya mambo ya zamani. Miguu yake yajua njia ya kisimani ingawa ulimi wake hauwezi kuieleza. Ukimtoa hapo, umemwondolea kumbukumbu aliyoshikamana nayo. Hatari yake ni kuwekewa mtu asiyefaa: kijana mdogo aliyetolewa shule, au mtumishi asiye na mshahara wa kutosha, naye achoka, apige au akimbie.

Ya pili: mtoto amchukue mzazi kwake. Hii ndiyo njia ambayo watu wengi huisifu, nayo ni njema ikiwa nyumba ina nafasi na mke ameridhia. Lakini kutoka Bujora mpaka Tanga ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na mwisho wa safari hiyo mama haoni uso aujuao ila wa mwanawe, tena huenda huo nao umekwisha mtoka. Na liko jambo jingine. Wagonjwa hawa mara nyingi hupotewa kwanza na lugha waliyojifunza ukubwani, ikabaki ya utotoni. Mama huyo alijifunza Kiswahili kwa mumewe. Siku hizi huanza maneno kwa Kiswahili na kuyamaliza kwa Kisukuma. Huko Tanga atakapoomba maji, ni nani atakayemfahamu? Wema usiotazama hali ya atendewaye huenda ukawa ni wema wa kujifurahisha nafsi.

Ya tatu: nyumba ya wazee. Serikali ya Tanzania ina makazi ya wazee wasiojiweza katika mikoa mingi. Mkoa wa Mwanza una Bukumbi, katika wilaya ya Misungwi. Shinyanga ina Kolandoto. Tabora ina Ipuli. Dar es Salaam ina Nunge, huko Kigamboni. Unguja iko Welezo, na Pemba iko Limbani. Mtu hupokewa humo kwa njia ya afisa wa ustawi wa jamii, baada ya kuthibitika kwamba hajiwezi na hana wa kumtunza. Hapa panahitaji kusemwa wazi. Nyumba hizo ziliwekwa kwa ajili ya yule asiye na mtu. Mtoto mwenye duka na afya, amfichaye nasaba mama yake ili apate kitanda Bukumbi, amefanya mabaya matatu: amesema uongo, ameacha wajibu, na amechukua mahali pa ajuza ambaye kweli hana mtu duniani. Bali kwa yule ambaye hana jamaa, au jamaa zake ndio wamtishao maisha, nyumba hizo ni rehema, na Waislamu wapaswa kuzizuru, kuzipelekea chakula na nguo, na kutazama kwamba maiti wa Kiislamu waoshwa na kuzikwa kwa sunna.

Wala nyumba ya kutunzia wagonjwa si kitu kigeni katika Uislamu. Sultani Nuruddin alijenga maristani mjini Damaski katika karne ya 12 ya miladi, na Sultani Qalawun akajenga yake mjini Cairo, iliyokwisha mwaka 1284, wakaziwekea wakfu za kuziendesha, na wagonjwa wa akili wakatibiwa humo pamoja na wengine. Mababa wa pwani waliweka wakfu misikiti, visima na mashamba. Haijakatazwa kwamba wajukuu wao waweke wakfu wa mishahara ya watunzaji wa wazee, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa.

Katika Marekani na Uingereza, wakaako ndugu wengi wa pwani, ziko nyumba za kulipia zilizowekwa makusudi kwa wagonjwa wa kusahau, zenye milango isiyoruhusu mgonjwa kupotea na watumishi wa usiku na mchana. Gharama zake ni kubwa sana, na bima ya wazee ya serikali ya Marekani, ambayo hulipa matibabu, hailipi makazi ya namna hiyo. Mtoto akaaye huko, afanyaye kazi mchana kutwa na hana jamaa, akilazimika kumweka mzazi katika nyumba hizo, haambiwi amemtupa, maadamu amechagua kwa uangalifu na haachi kumzuru.

Ya nne: ni njia ya katikati. Mzazi ahamishwe, lakini kwa karibu, kwa mtoto au jamaa aliye katika nchi ile ile na lugha ile ile, na watoto wa mbali walipe gharama. Njia hii husahauliwa kwa sababu wanaume wa pwani hudhani mama hukaa kwa mwana mwanamume tu. Sheria haikusema hivyo. Wema kwa mzazi ni juu ya mwana na binti, na mume amwachiaye mkewe kumtunza mama yake ana sehemu ya thawabu hiyo.

FASILI YA TANO: MAMBO YA KUTAZAMWA

Kabla ya kuchagua, mtoto atazame mambo haya saba, iwe ni nyumba ya jamaa au nyumba ya kulipia.

1. Usiku. Nani aliye macho mgonjwa aamkapo? Mahali pazuri mchana, pasipo na mtu usiku, si mahali.

2. Mlango, moto na maji. Mlango uwe na komeo ya juu, asiyoitazama mgonjwa, jiko, kisu na mafuta ya taa viwe mbali naye, kisima kifunikwe. Lakini kumfunga mtu kwa kamba, au kumfungia ndani na kuondoka, ni dhuluma.

3. Tahara na sitara. Mwanamke aoshwe na mwanamke. Asiachwe katika nepi chafu. Mwenye kutaka kujua hali ya nyumba asitazame sebule, atazame shuka na kunusa chumba.

4. Chakula. Kiwe cha halali, laini, na awepo mtu wa kumlisha polepole, kwa maana wagonjwa hawa husahau hata kutafuna, na wengine hupaliwa wakafa.

5. Lugha na dini. Awepo asemaye naye kwa lugha yake, na amwelekeze kibla.

6. Mtunzaji mwenyewe. Je, ana mshahara? Ana siku ya kupumzika? Yuko wa kumpokea zamu? Mtunzaji asiyepumzika huwa mgonjwa wa pili, na mara nyingi ndipo mkono huinuka.

7. Kuzuru. Mtoto afike siku asiyotazamiwa. Atazame mikono na mgongo wa mzazi, na atazame mzazi afanyavyo akimwona mtunzaji: ashtuka, au atulia? Aliyesahau majina hakusahau hofu.

FASILI YA SITA: MALI YA MZAZI

Nyumba nyingi zimevunjika hapa. Mtu aliyeondokewa na akili hauzi, hatoi hiba, haandiki wasia. Afanyapo hayo katika hali hiyo, ni batili, hata alama ya kidole chake ikiwa juu ya karatasi. Wala mtoto hawi msimamizi wa mali ya mzazi kwa kuwa ni mtoto tu. Jambo hili hupelekwa mahakamani, baada ya shauri la masheikh na wazee wa jamaa. Mali ya mzazi itumike kwanza kwa matunzo yake, kwa hesabu iliyoandikwa, mbele ya mashahidi. Warithi wasiseme, fedha yaisha. Mali si yao bado. Na mzazi aliye hai harithiwi.

KHATIMA

Mwana wa Tanga alisafiri mpaka Bujora, akalala kwa mama yake usiku tatu. Usiku wa kwanza alimfuata mpaka nyumba ya nne, akaona jirani amesimama mlangoni na panga, kwa hofu tu. Asubuhi hakumlaumu jirani. Alikwenda kwake na mkate na sukari, akamweleza. Kisha akampeleka mama Bugando, akapata cheti cha tabibu. Akamwendea mwenyekiti wa kijiji, na imamu, na wazee wa mtaa, akawasomea cheti, akawaambia mbele ya watu: huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wake jina lake ni hili, nasi wanawe tuko. Ndugu watatu wakafanya shauri kwa simu. Wakakubaliana mama ahamie Igoma kwa binti yake, mahali asikiapo Kisukuma dirishani na harufu ya dagaa wa ziwani. Mpwa wao mjane alipwe mshahara kila mwezi alale chumba kimoja naye. Wa Tanga na wa Oman walipe. Na wa Tanga afike mara tatu kwa mwaka, kila mara akae wiki mbili, ili dada yake apumzike. Shamba la Bujora likaandikwa kuwa ni la mama, halipungui hata hatua moja.

Mama hakumtambua mwanawe hata siku ya kuagana. Alimwita kwa jina la baba yake, akamwuliza pamba imekwenda bei gani. Naye akajibu bei, kwa upole, kama mfanya biashara wa zamani.

Basi na ajue Mwislamu ya kwamba makazi ya mzazi ni amana, wala amana haiondoki mkononi kwa kubadilishwa kitanda. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na aliyelelewa zamu yake ya kulea imefika.

MASUALA

Suala: Mtoto aliyemweka mzazi katika nyumba ya kulipia kwa dharura, wajibu wake umekwisha?
Jawabu: La. Umebaki wajibu wa kuzuru, kuchungua, kulipa na kumwombea.

Suala: Mzazi asema maneno ya matusi kwa ugonjwa wake. Ajibiwe?
Jawabu: Hajibiwi. Asemaye ni maradhi, na asikiaye ana akili yake.

Suala: Je, aambiwe kila mara kwamba mumewe amekufa?
Jawabu: Hapana haja ya kumpa msiba mpya kila siku. Aongozwe kwa maneno mengine, kama kumwuliza habari za mumewe huyo, mpaka atulie.

Suala: Nani wa kwanza kuulizwa katika shauri la makazi?
Jawabu: Mzazi mwenyewe, maadamu angali na akili. Kwa hiyo shauri lifanywe mapema, siku za mwanzo za ugonjwa, wala lisingojwe.

Mwenyezi Mungu atuwafikie sote kuwatendea wema wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Wallahu aalam.